Protini za ukarabati wa DNA kwenye saratani: kumwona fundi si kuiona kazi yake

mtu_wa_slaidi

Wakuu salaam. Uzi huu nimeuahirisha mno, leo liwalo na liwe.

Haupiti muda mrefu kabla sijaletewa andiko la utafiti lenye sura ileile. Chukua protini fulani inayokarabati DNA, ipake rangi kwenye vipande vya uvimbe, hesabu seli zilizoshika rangi, gawa wagonjwa mafungu mawili, kisha tangaza kwamba hawa dawa itawafaa na wale haitawafaa. Sinyooshei mtu kidole. Nimefanya kazi za namna hiyo miaka mingi, nimekaa kwenye hadubini mpaka nikifumba macho naona viini vya seli vya rangi ya kahawia. Ndiyo maana nataka tuongee.

Kwa wageni, kwa ufupi. DNA ndani ya kila seli hupata majeraha maelfu kwa maelfu kila siku, hata kama mwenye mwili hajawahi kushika sigara. Maji yaliyomo ndani ya seli peke yake yanatosha kuinyofoa herufi. Tomas Lindahl ndiye aliyeonyesha kwamba DNA ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba bila mafundi wa kuitengeneza muda wote uhai usingewezekana. Mwaka 2015 yeye, Paul Modrich na Aziz Sancar waligawana Nobel ya kemia, kila mmoja na fundi wake: Lindahl anayebadilisha herufi moja iliyoharibika, Modrich anayesahihisha makosa ya kunakili, Sancar anayekata kipande chenye jeraha kubwa, mfano lile linaloachwa na mionzi ya jua, na kuweka kipya.

Sasa ingiza saratani. Uvimbe mwingi huwa umempoteza fundi mmojawapo, na kukosekana kwake ndiko kulikouacha ukusanye makosa mpaka ukaharibika. Na silaha zetu nyingi, sisplatini (dawa ya kemo) na mionzi zikiwemo, zinaua kwa kuijeruhi DNA. Ukiunganisha hayo mawili unapata hoja tamu: uvimbe wenye fundi utajitibu na kuishinda dawa, usio na fundi utakufa. Kwa hiyo mtafute fundi kwenye slaidi, umalize kazi.

Hoja hiyo tamu ndiyo iliyotuponza kwenye ERCC1.

ERCC1 hushikana na mwenzake XPF, wakawa mkasi mmoja unaokata DNA kando ya jeraha. Majeraha ya sisplatini ni miongoni mwa yanayoondolewa na mkasi huo. Mwaka 2006 ilitoka makala kwenye New England Journal of Medicine: vipande 761 vya saratani ya mapafu, wagonjwa wameshafanyiwa upasuaji, wengine wakapewa kemo yenye sisplatini na wengine hawakupewa. Wasiokuwa na ERCC1 kwenye uvimbe walinufaika na kemo. Waliokuwa nayo, hawakunufaika. Tulishangilia. Maabara nyingi zikaagiza kingamwili ileile, 8F1 (kingamwili ndiyo inayoinasa protini kwenye slaidi ili ishike rangi), na kuanza kupaka.

Mwaka 2013, jarida lilelile, baadhi ya watafiti walewale. Walirudi kuthibitisha kwa sampuli za majaribio mengine mawili, na matokeo yakagoma. Wakapaka upya sampuli zao wenyewe za mwanzo, majibu hayakufanana na ya 2006: kingamwili yenye jina lilelile ilikuwa imebadilika tabia. Kisha wakajaribu kingamwili 16 tofauti. ERCC1 hutengenezwa na seli kwa matoleo manne, na ni toleo moja tu lenye uwezo kamili wa kuondoa jeraha la sisplatini. Kati ya kingamwili zote 16, hakuna hata moja iliyoweza kulitofautisha toleo hilo na mengine.

Yaani mtu alikuwa anahesabu watu waliovaa ovaroli na kudai amehesabu mafundi.

Dai langu ni hili, mlipinge kama mnaweza: kiashiria kinachosema "fundi hayupo kabisa" kinaaminika kuliko kinachosema "mafundi wapo kiasi fulani", na kinachoonyesha kazi ya fundi ni bora kuliko vyote.

Seli_Moja

Mkuu umenigusa kwenye kidonda. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Pendekezo langu ni kupaka protini tano (ERCC1, XRCC1, MLH1, MSH2 na RAD51) kwenye bloku 80 za nta zenye vipande vya uvimbe, wagonjwa wote walipewa sisplatini. Alama nitazitoa kwa H-score (inayojumlisha ukali wa rangi na asilimia ya seli zilizoishika), mpaka wa juu na chini ni wastani wa katikati, yaani namba inayowagawa wagonjwa nusu kwa nusu. Msimamizi ameshasaini. Nifanyeje?

Hisabati_Kali

Usikimbie kwanza, @Seli_Moja, kaa hapo nikupe dawa chungu.

Kuna viashiria vya aina mbili na watu huvichanganya kila siku. Kimoja kinakuambia ugonjwa wenyewe utakwendaje, dawa iwepo isiwepo. Kingine kinakuambia dawa fulani itamsaidia mgonjwa huyu kuliko yule. Ili ukipate cha pili LAZIMA uwe na kundi ambalo halikupewa dawa hiyo. Wewe wote 80 wamepewa sisplatini. Ukiona wenye ERCC1 ndogo wameishi zaidi, utajuaje kama ni sisplatini imefanya kazi au uvimbe wao ulikuwa mpole tangu mwanzo?

Na hii si nadharia. Kwenye makala ileile ya 2006, miongoni mwa wale ambao hawakupewa kemo, wenye ERCC1 waliishi muda mrefu zaidi ya wasio nayo. Umeona mchezo? Protini ileile: bila dawa ni habari njema, ukileta dawa ni habari mbaya. Ungekuwa na kundi moja tu, ungeandika nusu ya hadithi na kuiita hadithi nzima.

Pili, huo wastani wa katikati. Ukigawa kwa wastani wa katikati, nusu ya wagonjwa wako watakuwa "juu" hata kama wote wana fundi, na nusu "chini" hata kama wote hawana. Umeamua jibu kabla ya kupaka slaidi ya kwanza. Kesho maabara nyingine ikija na wagonjwa wake, wastani wao ni mwingine, kwa hiyo mgonjwa mmoja kwako ni "chini" na kwao ni "juu".

Tatu: protini tano, kila moja na mipaka miwili mitatu utakayojaribu kimyakimya usiku. Moja itatoka na namba nzuri kwa bahati tu. Nakujua, nami nilikuwa mwanafunzi.

Seli_Moja

Duh. Hiyo ya usiku umeniona dirishani?

mtu_wa_slaidi

@Hisabati_Kali umempiga kijana na jembe lenye mpini. Lakini kweli tupu.

@Seli_Moja kwenye orodha yako kuna protini mbili ambazo mimi naziheshimu, MLH1 na MSH2. Acha nikueleze kwa nini hizo zimeingia kwenye ripoti za hospitali duniani kote wakati ERCC1 imebaki kwenye makabati.

Wasahihishaji wa makosa ya kunakili wanaotafutwa kwenye slaidi ni wanne, na wanatembea wawiliwawili. MSH2 na MSH6 ndio wanaoliona kosa. MLH1 na PMS2 ndio wanaoitwa kuja kulishughulikia. Uzuri uko hapa: PMS2 bila MLH1 hana pa kujishikiza, anavunjwavunjwa na seli. MSH6 vivyo hivyo bila MSH2. Ila kinyume chake si kweli. MLH1 ana wenzake wengine wa kuegemea, kwa hiyo PMS2 akipotea, MLH1 anabaki. MSH2 naye ana MSH3 wa akiba.

Matokeo yake, slaidi nne zinasomeka kama fumbo lenye jibu. Zikipotea MLH1 na PMS2 pamoja, tatizo liko MLH1. Imepotea PMS2 peke yake, mtazame PMS2 kwanza. Zimepotea MSH2 na MSH6, ni MSH2. Na ukikuta MLH1 imepotea lakini PMS2 inang'aa vizuri, usiandike ripoti. Rudi kwenye benchi, huenda upakaji ndio umeharibika. Ni protini ngapi zinakupa nafasi ya kumkamata muongo kwa kumuuliza mwenzake?

Halafu kuna limfosaiti, seli nyeupe za kinga. Slaidi nzuri ya MLH1 iliyopotea inaonekana hivi: tezi za uvimbe zimejipanga, viini vyake vikubwa vya bluu, vitupu, kama vyumba vilivyozimwa taa. Katikati yake, kwenye tishu ya kushikiza, vidoto vya kahawia vimetapakaa, ndizo limfosaiti na seli za kawaida za mgonjwa huyohuyo. Seli hizo zimepita formalini ileile, nta ileile, joto lilelile, kingamwili ileile. Zimeshika rangi. Kwa hiyo ukisema uvimbe haukushika, una shahidi milimita moja pembeni.

Na swali lenyewe ni ndiyo au hapana. Hakuna mtu anayebishana kama ni asilimia 40 au 55.

Nikiri ila moja kabla sijaumbuliwa. Saratani ya puru iliyokwisha pigwa mionzi na kemo inaweza kuonyesha MSH6 imefifia sana au imejificha kwenye vidoto vya ndani ya kiini, ukadhani imepotea. Kama kipande cha kabla ya matibabu kipo, paka hicho.

binti_mkubwa

Samahanini wataalamu, mimi si wa fani, nimefika hapa kwa kutafuta maneno ya kwenye ripoti ya baba. Ana saratani ya utumbo mpana, ana miaka 74. Imeandikwa kwamba MLH1 na PMS2 zimepotea kwenye uvimbe. Kaka yangu amesoma mtandaoni akasema ni ugonjwa wa kurithi na sisi watoto wote tunao. Hatulali. Ni kweli?

DaktariMchovu

Pole sana dada, na pole kwa mzee. Vuta pumzi kwanza.

Hapana, ripoti hiyo peke yake haisemi kwamba mmerithi kitu. Inasema fundi hayupo kwenye uvimbe. Haijasema nani alimwondoa.

Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya kurithi, inaitwa sindromu ya Lynch: mtu anazaliwa na nakala moja mbovu ya jeni, baadaye ya pili inaharibika kwenye seli moja ya utumbo. Ya pili haina urithi. Jeni ya MLH1 ni nzima kabisa, ila uvimbe umeibandika alama za kikemikali za methili kwenye swichi yake, ikazimwa. Hii ya pili ndiyo inayoonekana zaidi kwa watu wenye umri kama wa baba. Kwa makadirio yanayotumika sana, karibu asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana zimempoteza msahihishaji, lakini za Lynch ni kama asilimia 3 ya saratani zote za utumbo mpana. Piga hesabu uone wengi wako upande gani.

Hatua inayofuata ni ya maabara. Wanatazama kama uvimbe una badiliko la jeni ya BRAF linaloitwa V600E, au kama swichi ya MLH1 imebandikwa methili. Likipatikana mojawapo, urithi unakuwa mbali sana. Yasipopatikana yote mawili, hapo ndipo mzee anashauriwa kupimwa damu kwa ajili ya Lynch, na nyie baadaye. Muulize daktari wake swali hilihili: "BRAF na methili ya MLH1 zimepimwa?" Atakuelewa mara moja.

Jambo jingine ambalo kaka hakulisoma. Uvimbe usio na msahihishaji hukusanya makosa mengi mno, na makosa hayo yanatengeneza protini za ajabuajabu ambazo kinga ya mwili inaziona kama mgeni. Kwa sababu hiyo dawa za kufungua breki za kinga zinafanya kazi kwenye uvimbe wa namna hii kuliko saratani nyingine nyingi za utumbo. Mei 2017 Marekani iliruhusu pembrolizumabu kwa uvimbe mgumu wowote uliosambaa wenye kasoro hii, popote ulipoanzia mwilini. Ilikuwa mara ya kwanza dawa ya saratani kuruhusiwa hapo kwa kiashiria badala ya kiungo. Na mwaka 2022 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 12 wa kwanza wa saratani ya puru yenye kasoro hiyo waliopewa dostarlimabu: kwa wote 12 uvimbe haukuonekana tena, bila kisu wala mionzi. Ni watu wachache, na hali ya baba yako siijui, kwa hiyo usichukue kama ahadi. Nataka tu ujue kwamba neno "imepotea" kwenye ripoti hiyo halimaanishi baya tupu.

binti_mkubwa

Asante sana daktari. Nimeandika hayo maswali mawili kwenye karatasi. Mungu akubariki.

Msomaji_Kimya

Miaka miwili nasoma tu humu, leo nimeshindwa kunyamaza. Hilo la methili limenikumbusha MGMT ya saratani ya ubongo. Mbona hiyo watu wanapima methili moja kwa moja, hawapaki protini? Si rahisi zaidi kupaka?

mtu_wa_slaidi

Swali zuri kuliko unavyodhani.

MGMT ni fundi wa ajabu, hafanyi kazi mara mbili. Anakuta kundi la methili limebandikwa pasipostahili kwenye herufi ya DNA, analihamishia mwilini mwake, kisha amekwisha, anavunjwa. Kila jeraha linagharimu fundi mmoja mzima. Dawa ya temozolomaidi inaua kwa kubandika methili za namna hiyo, kwa hiyo kiasi cha MGMT alichonacho uvimbe ndiyo akiba yake ya risasi.

Mwaka 2005 utafiti wa glioblastoma ulionyesha hivi: ambao swichi ya MGMT ilikuwa imezimwa kwa methili, waliopewa temozolomaidi pamoja na mionzi waliishi kwa wastani wa katikati miezi 21.7, na waliopewa mionzi peke yake miezi 15.3. Ambao swichi ilikuwa wazi, ni 12.7 kwa 11.8. Tazama tofauti ya jozi ya kwanza na ya pili, na utazame kwamba kulikuwa na kundi lisilopewa dawa. @Hisabati_Kali atabasamu.

Kwa nini hawapaki? Kwa sababu kipande cha uvimbe wa ubongo kina mishipa ya damu, limfosaiti na seli za ulinzi za ubongo, na hizo zote zina MGMT. Wale mashahidi niliowasifu kwenye MLH1 huku wanageuka kelele. Ukimwongezea msomaji A anayesema asilimia 10 na msomaji B anayesema 30, upakaji na methili havikubaliani vya kutosha. Methili inakaa kwenye DNA ya uvimbe wenyewe, na seli za kawaida kwa kawaida hazina alama hiyo pale.

Kwa maneno mengine, hapa wameacha kumtafuta fundi, wametazama kama mlango wa karakana una kufuli.

NyukiMaabara

Nimewasubiri mfike kwenye kazi ya fundi mkaishia mlangoni 😂. Acheni niwaletee RAD51.

Uzi wa DNA ukikatika pande zote mbili, BRCA1 na BRCA2 husaidia kumpakia RAD51 kwenye ncha zilizokatika ili zitafute nakala nzima ya kuigia. RAD51 wakijipanga hapo kwa wingi, chini ya hadubini ya mwanga wa rangi unaona vidoa ving'aavyo ndani ya kiini. Kila kidoa ni kikosi kiko kazini. Ukipaka RAD51 na kuhesabu "imeshika, haijashika" kama anavyotaka @Seli_Moja umepoteza muda, maana protini inaweza kuwepo tele imeelea tu. BRCA2 asipokuwepo, RAD51 yupo lakini hapakiwi. Hakuna vidoa. Hapo ndipo utaona tofauti ya kuwepo na kufanya kazi kwa macho yako.

Ila usihesabu seli ovyo. Njia hii ya ukarabati inafanya kazi baada ya seli kuanza kunakili DNA yake, kwa sababu inahitaji nakala ya pili. Kwa hiyo tunapaka na geminini, protini inayoonekana kwenye seli zilizo katika hatua hiyo, na tunahesabu ndani ya hizo tu. Seli iliyolala isiyo na vidoa haikuambii kitu, ni sawa na kumlaumu fundi siku ya mapumziko.

Na kabla ya hapo tunapaka gama-H2AX. Hii ni histoni H2AX (histoni ni protini ambazo DNA imezungushiwa) iliyobandikwa fosfati kwenye serini ya 139, inatokea haraka kandokando ya mkatiko. Iligunduliwa mwaka 1998. Kazi yake kwetu ni kuuliza: kuna jeraha hapa kweli? Kama hakuna gama-H2AX, kutokuwepo kwa RAD51 hakumaanishi chochote.

DaktariMchovu

Mambo mazuri, @NyukiMaabara, lakini nyie wa benchi mnapenda ukamilifu. Mimi nina mgonjwa ana saratani ya ovari, nataka kujua kama nimpe olaparibu, dawa inayolenga uvimbe uliokosa ukarabati wa BRCA. Napima BRCA kwenye damu na kwenye uvimbe, naangalia na kovu la DNA, basi. Kwa nini nihangaike na vidoa?

NyukiMaabara

Kwa sababu ya hilo neno ulilolitaja, kovu.

Uvimbe uliokosa BRCA unakarabati mikatiko kwa njia za kubahatisha, na njia hizo zinaacha kovu kwenye kromosomu, vipande vimekatwa, vimegeuzwa, vimeongezwa. Kovu likipimwa linakuambia kwamba fundi aliwahi kukosekana. Haliwezi kukuambia kama amerudi. Na anarudi! Uvimbe ukikaa chini ya dawa kama olaparibu au sisplatini, seli inayopata badiliko la pili linalorudisha usomaji wa BRCA ndiyo inayopona na kuzaa. Jeni imefufuka, kovu liko palepale. Ukimpima mgonjwa huyo baada ya mzunguko wa tatu wa matibabu, kovu linasema "mpe dawa", vidoa vya RAD51 vinasema "amechelewa". Unamwamini nani?

DaktariMchovu

Hapo umenipata. Kwa mgonjwa mpya kovu linanitosha, ila kwa aliyekwisha tumia dawa ikagoma, naona hoja.

Lakini nawe kiri: vidoa vikiwa sifuri bado dawa inaweza kugoma kwa njia nyingine. Seli inaweza kujifunza kuilinda ile njia panda ya kunakili DNA isivunjike bila kumrudisha RAD51 kwenye mikatiko, au kuisukuma dawa nje.

NyukiMaabara

Nakiri. Kidoa kinajibu swali moja tu.

mtu_wa_slaidi

Niwape na aibu yangu, kwa kuwa mmekuwa wakweli.

Maabara moja niliyofanyia kazi tulipaka ERCC1 kwa miezi kadhaa. Katikati kingamwili ikaisha, tukaagiza nyingine: jina lilelile, kopo lilelile, namba ya bechi tofauti. Hakuna aliyeitazama namba. Wiki mbili baadaye karibu kila uvimbe ulikuwa "juu". Tukaanza kubuni nadharia, mara wagonjwa wa mwaka huu ni tofauti, mara hatua ya ugonjwa. Kijana wa mazoezi kwa vitendo ndiye aliyeuliza kwa nini hata misuli laini kwenye ukuta wa mishipa imekuwa ya kahawia. Tulikuwa tunatazama uvimbe tu. Kazi ya miezi ikarudiwa, na ile sehemu ya kwanza nayo hatukuweza kuapa nayo tena.

Tangu siku ile nina bloku moja ya zamani ninayoijua majibu, na kila bechi mpya inapita kwake kabla ya kumgusa mgonjwa.

Hisabati_Kali

Na namba ya bechi inaingia kwenye jedwali la data kama safu inayojitegemea, tafadhali. Mkinipa safu hiyo naweza kuona tatizo kwa dakika tano. Msiponipa, mtaniletea "ugunduzi".

Seli_Moja

Wakuu nimerudi, nimeshaonana na msimamizi. Alinuna kwanza, kisha akacheka. Tumebadilisha hivi: ERCC1 na XRCC1 nje. Tunapaka wale wasahihishaji wanne wote badala ya wawili, ndiyo au hapana, wasomaji wawili wasiojuana majibu. Swali la sisplatini tumelifuta, tunaeleza tu ni wangapi wamempoteza msahihishaji na nani kampoteza nani. RAD51 tutajaribu vidoa na geminini kwenye bloku 20 tu, kuona kama tunaweza, bila kudai chochote.

Swali: nina vipande vilivyokatwa zamani vimekaa kabatini karibu miaka mitatu, na bloku zenyewe zipo. Nitumie vile vilivyokatwa kuokoa tishu?

mtu_wa_slaidi

Sasa huo ni utafiti. Hapana, usivitumie. Kipande kilichokwisha katwa kinachoka kikikaa hewani, baadhi ya protini zinafifia na utaita kufifia huko "imepotea". Kata upya kutoka kwenye bloku, mikromita 4, paka ndani ya siku chache. Na fuatilia kila bloku ilikaa kwenye formalini muda gani kama kumbukumbu zipo. Iliyochelewa kuingizwa au iliyokaa humo kupita kiasi ndiyo itakayokusumbua.

Ukifungua slaidi, usiende kwenye uvimbe. Tafuta limfosaiti kwanza.

Seli_Moja

Wakuu, siku kumi baadaye. Slaidi 11 za kwanza ziko tayari. Kumi zinasomeka. Ya 11, MSH6: uvimbe bluu, limfosaiti bluu, kila kitu bluu kama anga. Msomaji wa pili kaandika "imepotea". Mimi naitupa?

mtu_wa_slaidi

Usiitupe, na usiandike imepotea. Andika "haisomeki", weka namba ya bechi pembeni, kata kipande kingine, paka tena kesho pamoja na kontroli, yaani tishu unayojua majibu yake. Na huyo msomaji wa pili mkalishe kwenye hadubini, mwonyeshe zile limfosaiti.

Hisabati_Kali

Na "haisomeki" ibaki kwenye jedwali hata ukipata jibu kesho. Safu yake ipo?

Seli_Moja

Naiongeza sasa hivi.